Katiba ya Muungano ilitungwaje na nani aliipitisha? Maswali mnayoniuliza kila Aprili

Kila ikikaribia Aprili 26, siku ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, simu yangu haipumui. Wanafunzi niliowafundisha uraia miaka hiyo, mashemeji, jirani wa pale gengeni, wote swali ni moja ila linakuja kwa sura tofauti: hivi hii katiba tunayogombania kila siku ilitoka wapi, nani alikaa akaiandika na nani akasema sawa ipite. Nimechoka kujibu kwa voisi za dakika kumi kumi, kwa hiyo nimeyaweka hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii. Nimejibu nilivyozoea kuongea, anayetaka Kiswahili cha mahakamani amekosea mlango.

Katiba yetu ya kwanza kabisa ni ipi?

Inategemea hiyo "yetu" ni ya nani. Tanganyika ilipata ya kwake Desemba 1961, Zanzibar ikapata ya kwake Desemba 1963, alafu Aprili 1964 nchi mbili zikaungana na ikabidi itafutwe ya tatu. Hiyo ya tatu ndiyo ina visa. Ukisikia watu wanasema "Katiba ya 1977" ndiyo hiyo, ila ilichukua miaka 13 kuzaliwa na ndio maana huwezi kuielewa bila kuanza nyuma kidogo.

Ya 1961 si waliandika Wazungu kule London?

Kisheria ndiyo, ilikuwa jedwali limebandikwa nyuma ya amri ya Malkia wa Uingereza. Ila mazungumzo yenyewe hayakufanyika London. Machi 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alikuja mwenyewe Dar es Salaam, wakakaa ukumbi wa Karimjee, na kwa siku tatu tu wakawa wamemaliza. Linganisha na wenzetu Wakenya walioenda Lancaster House mara tatu, 1960, 1962 na 1963, wakabishana majimbo, ardhi, mwambao wa Pwani, baraza la seneti, kila kitu. Sisi tulibishana na nani? Uchaguzi wa Agosti 1960 TANU, chama cha Nyerere, ilichukua viti 70 kati ya 71, na huyo mmoja aliyebaki, wa Mbulu, alikuwa mwana TANU aliyegombea kivyake. Hapakuwa na upande wa pili mezani, kwa hiyo kikao kilikuwa kifupi, na ufupi huo ukatuzoesha vibaya.

Kilichotoka ni katiba ya kawaida ya Jumuiya ya Madola. Malkia mkuu wa nchi, anawakilishwa na Gavana Mkuu ambaye alikuwa Richard Turnbull yule yule aliyekuwa gavana wa koloni, na Waziri Mkuu ni Mwalimu Nyerere. Ndiyo, tulipata uhuru Desemba 9 na bado mkuu wa nchi akawa anakaa Buckingham, wanafunzi wangu wengi hapo huwa wanaguna.

Mbona wanasema haikuwa na haki za binadamu?

Kwa sababu haikuwa nazo. Waingereza makoloni mengi walipenda kuacha sura ya haki ndani ya katiba, Kenya waliiacha, Uganda waliiacha. Serikali ya TANU ilikataa. Hoja yao ilikuwa kwamba nchi ni changa, mahakimu wengi bado ni wageni, na ukiwapa majaji silaha hiyo kila mpango wa maendeleo utakwamishwa mahakamani. Hoja ina kauzito kake. Lakini mwaka uliofuata tu, 1962, ikapita sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi, na huyo aliyewekwa ndani hakuwa na ibara hata moja ya kuishika mkononi. Hili swali litarudi huko chini.

Sawa, ya 1962 basi ndiyo tuliandika wenyewe?

Hapa tulia kidogo maana ndipo ule mchezo ulipoanza.

Januari 1962 Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu akaenda kukijenga chama, Rashidi Kawawa akashika. Serikali ikatoa waraka wa mapendekezo ya jamhuri: tumwondoe Malkia, tuwe na Rais mtendaji mwenye nguvu kweli kweli. Sasa nani atapitisha katiba mpya? Kisomi unachagua watu maalumu kwa kazi hiyo, wanakaa, wanajadili, wanamaliza, wanarudi makwao. Sisi Bunge la kawaida lilitunga sheria ya kujigeuza lenyewe kuwa Bunge la Katiba. Wabunge wale wale, viti vile vile, ukumbi ule ule wa Karimjee. Limebadilisha koti tu. Likapitisha Katiba ya Jamhuri, likavua koti, likaendelea na kazi zake.

Mwezi Novemba wananchi wakapiga kura ya urais, Nyerere na Zuberi Mtemvu wa ANC, chama cha upinzani cha hapa hapa Tanganyika, Mwalimu akapata kama asilimia 98. Watu wengi wanachanganya hapo wanadhani ile ilikuwa kura ya katiba. Hapana. Watu waliulizwa nani awe Rais, hawakuulizwa Rais awe na mamlaka gani.

Lishike hilo koti, tutalikuta tena na tena.

Na ya Zanzibar ilienda wapi?

Iliishi siku 33. Uhuru Desemba 10, 1963, Sultani Jamshid mkuu wa nchi na Mohamed Shamte Waziri Mkuu, Mapinduzi Januari 12, 1964, katiba ikafutwa siku zile zile. Baada ya hapo visiwa vikaendeshwa kwa amri za Baraza la Mapinduzi, hakuna katiba ya Zanzibar mpaka 1979. Miaka 15. Watu wa bara wengi hawalijui hili na ndio maana hawaelewi kwa nini Mzanzibari ukimgusa kwenye katiba anakuwa mkali.

Hati za Muungano ndiyo katiba yenyewe au ni kitu kingine?

Ni mkataba. Nyerere na Karume, Rais wa Zanzibar, waliusaini Zanzibar Aprili 22, 1964. Wenyewe ni mfupi, ukikaa nao na kikombe cha chai unaumaliza kabla chai haijapoa, na nakushauri uusome maana watu wanautukana na kuutetea bila kuuona. Ndani kuna mambo 11 yaliyokabidhiwa serikali ya Muungano: katiba na serikali yenyewe ya Muungano, mambo ya nje, ulinzi, polisi, mamlaka ya hali ya hatari, uraia, uhamiaji, biashara ya nje na mikopo, utumishi wa serikali ya Muungano, kodi ya mapato na ushuru wa forodha, na mwisho bandari, usafiri wa anga, posta na simu. Yaliyobaki Zanzibar inajiendeshea. Orodha hiyo baadaye ikanenepa, leo ni mambo 22, na kila lililoongezwa lina mtu wa kulinung'unikia.

Ila kwa swali letu la leo kuna vifungu vitatu vya kuangalia. Kimoja kinasema katika kipindi cha mpito Katiba ya Tanganyika itatumika kama katiba ya Muungano, imerekebishwa kidogo kuingiza Zanzibar. Ndipo ulipotoka ule msemo wa Wazanzibari kwamba Tanganyika imevaa koti la Muungano. (Na Mzee Karume mwenyewe inasemwa alikuwa akiufananisha Muungano na koti, likikubana unalivua. Sijui kwa nini historia yetu yote ni mambo ya mafundi cherehani.) Kingine kinasema mkataba lazima uridhiwe kwa sheria ya Bunge la Tanganyika na sheria ya Baraza la Mapinduzi.

Na cha tatu, kifungu cha saba, ndicho moyo wa habari nzima. Kinasema Rais, kwa kukubaliana na Makamu wa Rais anayeongoza Zanzibar, atateua tume ya kupendekeza katiba ya Muungano, kisha ataitisha Bunge la Katiba la wawakilishi wa pande zote mbili, na litakutana ndani ya mwaka mmoja tangu Muungano uanze. Mwaka mmoja. Maana yake kabla ya Aprili 26, 1965.

Nani aliandika huo mkataba? Nyerere mwenyewe?

Mwalimu alimtuma Mwanasheria Mkuu wa Tanganyika, Roland Brown, ambaye alikuwa Mwingereza, akaandaa rasimu kimya kimya. Upande wa pili Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Wolfgang Dourado, alisimulia baadaye kwamba yeye alipewa likizo, hakushirikishwa. Anayetajwa kumshauri Karume ni mwanasheria wa Uganda, Dan Nabudere. Kwa hiyo meza ya kuandaa mkataba uliozaa Tanzania ina Mwingereza upande mmoja na Mganda upande mwingine, hiyo unaweza kuiuliza kwenye chemsha bongo ukashinda soda.

Kwa nini haraka na siri? Mapinduzi yalikuwa na miezi mitatu tu, wanajeshi wa Tanganyika wenyewe walikuwa wameasi Januari ile ile, wakubwa wa vita baridi wanavizia visiwa kila mmoja kwa lake. Walioamua waliona wakianza kuita mikutano, jambo litakufa. Unaweza kuwaelewa na bado ukaona gharama yake.

Waliridhia au hawakuridhia? Mbona kuna ubishi?

Bunge la Tanganyika liliridhia Aprili 25, kwa hati ya dharura, siku moja, na ipo kwenye vitabu vya sheria kama Sheria Na. 22 ya 1964. Hapo hakuna mjadala. Ubishi ni upande wa Baraza la Mapinduzi. Wanaosema lilikaa wapo, na waliokuwa wajumbe wakasema halikukaa kuridhia kwa maana ya kisheria wapo pia, na sheria ya Zanzibar ya kuridhia iliyotungwa na kuchapishwa kule kule Zanzibar, watafiti wameitafuta hawajaiweka mezani. Na kwa miaka mingi hata hati halisi yenye saini haikuonekana hadharani, mpaka Aprili 2014 serikali ilipoitoa kwa waandishi wa habari maana mjini Dodoma wajumbe wa Bunge la kuandika katiba mpya (nitalifikia huko chini) walikuwa wameanza kuuliza kwa sauti kama kweli ipo.

Mimi maoni yangu, kama unayataka: Muungano umeshaishi kwa matendo miaka 60 na zaidi, huwezi kuuvunja kwa kukosa karatasi. Lakini mtu anayeuliza karatasi iko wapi sio adui wa Muungano, anauliza alichouliza kila mtu aliyewahi kununua kiwanja.

Enhe, na ile ahadi ya mwaka mmoja?

Machi 1965, mwezi mmoja kabla ya muda kuisha, Bunge likatunga sheria fupi kabisa, Na. 18 ya 1965, inayosema Bunge la Katiba litaitishwa wakati utakapofaa. Tarehe hakuna. Ni kama fundi aliyekuambia njoo Ijumaa alafu Alhamisi jioni anakutumia meseji "nitakushtua".

Kwa hiyo tukakaa bila katiba?

Hapana, Julai 1965 ikapitishwa Katiba ya Muda. Na hii hata koti haikubadilishiwa, ilipitishwa na Bunge la kawaida kama sheria nyingine yoyote, Sheria Na. 43. Kazi yake kubwa ilikuwa kuhalalisha chama kimoja. Kulikuwa na tume chini ya Kawawa iliyoteuliwa Januari 1964, imezunguka kuchukua maoni, lakini hadidu zake za rejea zilikuwa wazi: msituulize *kama* tuwe na chama kimoja, hilo limeshaamuliwa, tuambieni *kiweje*. Tume hiyo nayo ikakataa sura ya haki za binadamu, ikapendekeza badala yake Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ambapo mwananchi aliyeonewa na ofisa anapeleka malalamiko.

Kitu cha ajabu kwenye Katiba ya Muda ni kwamba katiba ya TANU ilibandikwa nyuma yake kama jedwali. Yaani ukifungua katiba ya nchi unakuta na ya chama humo humo. Bara chama ni TANU, Zanzibar chama ni ASP, nchi ya chama kimoja yenye vyama viwili. Ukimwelezea mgeni anadhani umelewa.

Ndiyo zama zile za jembe na nyumba, wazee mnakumbuka, wagombea wawili wa chama kile kile kila mmoja na alama yake. Kuna wabunge na hata mawaziri waliangushwa kwa staili hiyo mwaka 1965, kwa hiyo sio kwamba kura haikuwa na maana. Ila ilikuwa kura ya kuchagua mtu.

"Muda" ukaenda miaka 12.

Kwa nini hasa 1977? Nini kilitokea?

Chama ndicho kilitokea. Mwaka 1972 Karume akauawa, Aboud Jumbe akachukua nafasi, mambo yakalainika kati ya pande mbili. Mwaka 1975 katiba ikarekebishwa ikaandika waziwazi kwamba chama kimeshika hatamu. Mwaka huo huo Mwalimu akapendekeza TANU na ASP ziungane, suala likapelekwa kwenye matawi, wanachama wakajadili, ikaundwa tume ya watu 20, kumi kutoka TANU na kumi kutoka ASP, mwenyekiti Sheikh Thabit Kombo na katibu Pius Msekwa, waandike katiba ya chama kipya. Februari 5, 1977 CCM ikazaliwa.

Sasa chama kimekuwa kimoja, Katiba ya Muda inazungumzia viwili. Lazima ibadilishwe. Ndiyo sababu, hakuna nyingine ya kificho. Katiba ya nchi ilikuja kumfuata mama yake aliyekuwa ametangulia.

Ilitungwaje sasa? Nipe hatua kwa hatua

Machi 16, 1977 Rais akateua Tume ya Katiba. Wajumbe? Wale wale 20 wa Thabit Kombo waliotoka kuandika katiba ya CCM wiki chache kabla. Machi 25 likatoka tangazo la kuunda Bunge la Katiba. Wajumbe? Wabunge wale wale. Rasimu ikapita kwenye Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ndani ya milango iliyofungwa, kisha ikaja kama muswada, na Aprili 25 Bunge la Katiba likaupitisha. Aprili 26, sikukuu ya Muungano, ikaanza kutumika.

Hesabu mwenyewe kutoka Machi 16 hadi Aprili 25. Siku 40. Mzazi ametoka arobaini na mtoto amepewa jina.

Ndicho kinachonishangazaga mimi kila nikisoma habari hii. Kitu kilichoahidiwa ndani ya mwaka mmoja kikakawia miaka 13, alafu kilipokuja kikafanyika ndani ya siku 40, na kwenye hizo 40 sehemu ambayo mwananchi wa kawaida angeweza kuuona muswada na kusema neno ilikuwa ndogo sana. Matawi ya TANU na ASP yalijadili kuungana kwa vyama kwa kina, watu walibishana, walipiga hodi nyumba kwa nyumba. Kwa katiba ya nchi hakikufanyika kitu kama hicho. Chama kilipewa nafasi kuliko nchi, na wakati ule wala haikuonekana ajabu kwa sababu chama na nchi vilikuwa kitu kimoja vichwani mwa watu.

Wabunge hao si tuliwachagua wenyewe? Shida iko wapi?

Baadhi, ndiyo. Wa majimbo ya bara walichaguliwa 1975, kwa kazi ya ubunge, hakuna aliyesimama jukwaani akasema nipeni kura nikaandike katiba. Wengine waliingia kwa uteuzi wa Rais na kwa vyeo, wakuu wa mikoa kwa mfano walikuwa ni wabunge. Na wa kutoka Zanzibar hawakupigiwa kura majimboni kabisa, waliingia kwa kuwa wajumbe wa Baraza la Mapinduzi au kwa kuteuliwa. Kifungu cha saba kilisema "wawakilishi" wa pande zote mbili, sasa mwakilishi ni nani, hapo mimi na wewe tunaweza kukesha.

Kulikuwa na kura ya maoni?

Hapana. Sio 1961, sio 1962, sio 1965, sio 1977. Mtanzania hajawahi hata siku moja kuingia kwenye chumba cha kura akaulizwa "katiba hii, ndiyo au hapana". Mkenya ameulizwa mara mbili, 2005 akasema hapana na 2010 akasema ndiyo.

Mbona mimi shuleni nilisoma kuwa katiba ina haki za binadamu? Wewe unasema haina

Ilikuwa haina, sasa inazo. Mwaka 1983 Halmashauri Kuu ya CCM ilitoa mapendekezo ya mabadiliko na safari hii ikaruhusu wananchi wayajadili, redioni, magazetini, vyuoni. Watu wakayashika wakaenda nayo mbali kuliko chama kilivyokusudia, wakadai haki ziandikwe, na Zanzibar huko mjadala ukafika mpaka kwenye muundo wa Muungano, Jumbe akajiuzulu Januari 1984 kwa kile kilichoitwa kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa. Mabadiliko ya tano ya 1984 yakaleta sura ya haki na ukomo wa vipindi viwili vya urais. Lakini sheria ya utekelezaji ikasema hutaweza kwenda mahakamani kudai haki hizo hadi Machi 1988, serikali ijipange kwanza. Kutoka 1961 mpaka 1988, piga hesabu.

Ndipo mimi huwa nasema sehemu bora ya katiba yetu haikutoka kwenye zile siku 40, imetoka kwenye mjadala wa 1983 ambao watu waliuchukua mikononi. Viraka vimeizidi nguo yenyewe.

Imebadilishwa mara ngapi na inabadilishwaje?

Mabadiliko makubwa 14 hadi 2005, likiwemo la 1992 lililorudisha vyama vingi. Ibara ya 98: theluthi mbili ya wabunge wote. Ila mambo ya Muungano yaliyoorodheshwa kwenye nyongeza ya pili yanahitaji theluthi mbili ya wabunge wa bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande kivyake. Bunge la kawaida tu, hauulizwi wewe.

Na ile ya Warioba, si tulikuwa tunaandika mpya?

Tulikuwa. Tume ya Jaji Joseph Warioba iliteuliwa 2012, ikazunguka nchi nzima kuchukua maoni, rasimu ya pili ikatoka mwisho wa Desemba 2013 ikipendekeza serikali tatu. Februari 2014 Bunge Maalum likaanza Dodoma, mwenyekiti Samuel Sitta. Na nani walikuwa wajumbe? Wabunge wote, wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na watu 201 walioteuliwa na Rais kutoka makundi ya jamii. Unaona koti? Safari hii limeongezwa mikono na mifuko lakini kitambaa ni kile kile. Aprili wajumbe wa upinzani chini ya UKAWA, umoja wao wa kutetea rasimu ya Warioba, wakatoka nje, hawakurudi. Waliobaki wakairudisha kwenye serikali mbili na Oktoba 2, 2014 wakapitisha Katiba Inayopendekezwa.

Kura ya maoni ilipangwa Aprili 30, 2015, na sheria ilitaka zaidi ya nusu ya kura kila upande wa Muungano. Mwanzoni mwa Aprili tume ya uchaguzi ikaahirisha kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR, zile za alama za vidole, haukuwa umekamilika. Tarehe mpya haikutajwa. "Nitakushtua."

Ukinyimwa vyote ukaachiwa ukurasa mmoja tu wa katiba uusome, ungechagua upi?

Utangulizi, ule ukurasa ambao kila mtu anauruka aende ibara ya 1. Unaanza na "sisi Wananchi wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania tumeamua rasmi na kwa dhati", unashuka taratibu mpaka chini, na pale chini wameandika katiba hii imetungwa na Bunge Maalum la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, "kwa niaba ya Wananchi". Darasani nilikuwa namwambia mwanafunzi asome kwa sauti sentensi ya juu alafu ya chini, nisimwambie kitu. Kila mwaka lazima kuna mmoja ananyoosha mkono anauliza, sasa mwalimu, tuliamua sisi au waliamua kwa niaba?